Hiyo seramu ya bluu, ya usoni na ya kichwani

Haipiti wiki sijatumiwa picha ya kichupa cha seramu ya bluu, chini imeandikwa "dada hii vipi, inafanya kazi?" na kwa vile nauza duka la dawa watu wanadhani nina jibu la ndio au hapana. Jibu langu ni refu kidogo, nimeamua niliandike mara moja hapa niwe natuma linki tu maana vidole vimechoka. Kwa kifupi peptidi, ndo kile kitu kinachouzwa ndani ya hiyo seramu, zipo na kuna kitu zinafanya, ila kwenye foleni ya mambo ya kutumia hela yako kwa ajili ya ngozi na nywele zinatakiwa zikae nyuma kabisa, na wengi wetu tumeziweka mbele.

Tuanze na zenyewe ni nini. Peptidi ni kipande kifupi cha protini, asidi amino mbili tatu mpaka kumi hivi zimeshikana, mwili wako umejaa hivyo vitu. Ile ya bluu inaitwa GHK-Cu, ni asidi amino tatu zimeshikilia shaba, na ule ubluu unatoka kwenye shaba yenyewe, hajaweka mtu rangi. Kwenye lebo itafute kwa jina la Copper Tripeptide-1. Aliyeigundua ni mwanasayansi wa Marekani anaitwa Loren Pickart, mwaka 1973, alikuwa anahangaika na tishu za ini za wazee ambazo ukiziweka kwenye damu ya vijana zinaanza kufanya kazi kama za vijana, akachimba chimba mpaka akakifikia hiki kipande. Kwenye plazma, yale maji ya damu, ya mtu wa miaka 20 kipo kama nanogramu 200 kwa mililita, akifika 60 kimebaki kama 80. Basi wauzaji wakishaisoma hiyo namba hawasomi tena kitu kingine, wanarukia moja kwa moja kwenye "rudisha miaka 20 iliyopita". Kitu kupungua kwenye damu ni jambo moja, kukipaka shavuni kikafika kinapotakiwa ni jambo lingine kabisa.

Ya pili mtakayokutana nayo sana ni Matrixyl, ya kampuni ya Sederma ya Ufaransa, kwenye lebo Palmitoyl Pentapeptide-4. Hii mimi naipendea akili yake. Kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, ikivunjika ndani ya ngozi inaacha vipande, na zile seli zinazotengeneza kolajeni zikikutana na vile vipande zinajua hapa pamebomoka, zianze kujenga. Sasa jamaa wakatengeneza kipande kinachofanana na hivyo, wakakiunganisha na asidi ya mafuta ili kipenye, wewe unapaka, seli zinadanganyika zinaanza kazi. Jaribio lake linalotajwa kila mahali lilitoka mwaka 2005, wanawake 93 wa miaka 35 mpaka 55, upande mmoja wa uso krimu yenye peptidi na upande mwingine krimu hiyohiyo bila peptidi, wiki 12. Upande wa peptidi makunyanzi yalipungua zaidi, sio kwa kiasi cha shoga yako kukupita njiani asikujue, ila yalipungua kweli. Wanawake wenyewe walikuwa wazungu, na watafiti walikuwa wa Procter & Gamble, hao hao wenye Olay. Sisemi wamedanganya, jaribio lilikuwa limepangwa vizuri tu, nasema ukisikia "imethibitishwa kisayansi" uulize imethibitishwa kwa nani na nani kalipia.

Halafu kuna Argireline, hii ndo wanaiita Botox ya kupaka, na hapa ndo huwa nacheka. Ilitoka kwa kampuni ya Lipotec ya Hispania. Botox, ile sindano ya kutuliza makunyanzi, inafanya kazi kwa kukata protini moja inayoitwa SNAP-25 ambayo neva inaihitaji ili iuambie msuli ujikunje, na Argireline ni kipande kilichoigwa kutoka kwenye hiyo hiyo SNAP-25, kwahiyo kinaenda kuziba nafasi. Maelezo mazuri. Jaribio la mwanzo la 2002 lilikuwa na wanawake kumi, KUMI jamani, siku 30, wakapata makunyanzi yamepungua kina kwa asilimia 30. Hiyo asilimia 30 mpaka leo inazunguka kwenye matangazo. Sasa fikiria na wewe, Botox inapigwa kwa sindano kwa sababu neva na msuli viko chini ya ngozi, hii ya kupaka itafikaje huko? Mwaka 2000 madaktari wawili wa Amsterdam waliandika kanuni ambayo watu wa vipodozi wanaijua wote, kwamba molekuli ikizidi uzito wa daltoni 500 inapata shida sana kupita kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. GHK ina kama 340, hiyo inaweza kujaribu ingawa kwa vile inapenda maji kuliko mafuta bado inahangaika kupita. Matrixyl pamoja na yale mafuta iliyoungwa nayo iko kwenye 800. Argireline inakaribia 890. Haya.

Na asilimia za kwenye chupa zisikubabaishe. Ukiona "10%" mara nyingi ni asilimia kumi ya maji ambayo ndani yake peptidi yenyewe ni chembe, sio kwamba asilimia kumi ya chupa ni peptidi. Kwa haki yao lakini, peptidi haihitaji wingi, lile jaribio la wanawake 93 lilitumia sehemu 3 tu kwa milioni. Kwahiyo aliyekuuzia kwa bei mbaya kwa sababu "yetu ni kali zaidi" kakuuzia namba.

Sasa mbona mimi mwenyewe ninayo kabatini? Ninayo ya shaba, napaka usiku, na nitaendelea nayo. Ngozi imekuwa laini, mistari ya pembeni ya macho imetulia, ila siwezi kukuapia kwamba ni peptidi kwa sababu humohumo kwenye chupa kuna gliserini na asidi ya hyaluroniki, na ngozi yoyote kavu ukiipa maji ikashiba mistari midogo inajaa yenyewe. Nusu ya sifa mnazozisoma za seramu yoyote ni gliserini inafanya kazi yake kimyakimya bila kulipwa.

Sababu yangu ya kuzitetea ni nyingine kabisa. Dawa ya kupaka yenye ushahidi mrefu kwa ngozi iliyozeeka kwa jua ni tretinoin, ile ya familia ya vitamini A, imefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980 na hakuna peptidi inayoikaribia. Lakini tretinoin inawasha, inachubua, na ngozi zetu sisi weusi ukiziudhi tu zinakulipa kwa madoa, yani unaanza kutibu mkunjo mmoja unaoonekana ukicheka unaishia na mashavu yana vivuli miezi kibao. Tena mjamzito haruhusiwi. Peptidi hazichubui, haziwashi watu wengi. Kwa mtu ambaye tretinoin imemshinda, au ana mimba, au ngozi yake ni ile ya kununa kwa kila kitu, hapo nakubali peptidi ina nafasi. Ikifanya kidogo hewala, na isipofanya haijakuachia doa.

Afu kuna jambo hatulisemi. Wengi wanaokuja kuniulizia peptidi za "kurudisha ngozi" sio uzee unaowasumbua, ni mkorogo. Unamuona dada ana miaka 35, mashavu mekundu, mishipa inaonekana, ngozi nyembamba kama haipo, vifundo vya vidole vyeusi, ananiambia "nimezeeka ghafla." Hujazeeka mama. Ile krimu ya tyubu uliyokuwa unachanganya na losheni ina steroidi, clobetasol mara nyingi, na steroidi kali ukipaka usoni muda mrefu inapunguza kolajeni, ngozi inakonda. Sasa mtu huyohuyo asubuhi anapaka kinachobomoa kolajeni, usiku anapaka peptidi ya kujenga kolajeni, na bado anashangaa mbona haioni tofauti. Na zingine za kung'arisha zina zebaki, ambayo kwenye vipodozi haitakiwi kuwekwa, lakini hizo za magendo nani kapima? Kama umetumia steroidi muda mrefu usiache kwa hasira siku moja, ngozi inaweza kulipuka ikawaka yote, nenda kwa daktari wa ngozi akupangie namna ya kushuka. Peptidi baadaye.

Na vile vidoti vyeusi vinavyoota kwenye mashavu ya mama zetu, na sisi sasa vinaanza, vile vyenye kama kinundu? Peptidi haivigusi. Ni vya kurithi kwa kiasi kikubwa, havina madhara, ukivichukia kuna daktari anavitoa kwa umeme au leza, usiende kwa wa mtaani mwenye dawa ya kuunguza.

Jua nalo. Najua mtu mweusi ukimwambia sanskrini anakuangalia kama umemtukana. Ni kweli melanini inatusaidia na makunyanzi tunayapata tumechelewa kuliko wazungu, lakini jua letu sisi linaanza na madoa na rangi kutokulingana, mikunjo inafuata. Australia walichukua watu 903, baadhi wakaambiwa wapake sanskrini kila siku, wengine wapake wanavyojisikia, baada ya miaka minne na nusu wale wa kila siku ngozi yao ilikuwa imezeeka kwa asilimia 24 pungufu. Matokeo yalitoka 2013. Hakuna seramu ya bluu yenye jaribio la ukubwa huo. Na hapa hapa kwetu Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, walibuni losheni yao ya jua ya Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa hiyo hili sio jambo la wazungu wa ufukweni. Kama hela yako ni ya chupa moja tu, iwe sanskrini.

Matumizi nitapita haraka. Ya shaba usiipake pamoja na vitamini C ile kali ya seramu, shaba inaiharibu, moja asubuhi nyingine usiku. Usiichanganye na asidi za kuchubua kwa wakati mmoja pia. Kwa joto la Dar usiache chupa kwenye gari wala dirishani, na ikibadilika rangi ukaona kijani kijani au kahawia, itupe. Na hivi vichupa vya unga mnavyouziwa mtandaoni vimeandikwa ni kwa utafiti tu, mnachanganya na maji mnajidunga, hapo sina utani, hicho sio kipodozi tena na hakuna mtu aliyekagua usafi wake. Acheni.

Haya nywele. Hapa ndo nataka tukae.

Wifi yangu alikuja nyumbani akaona kile kichupa akaanza, "wifi nami nigawie hiyo ya bluu nipake huku mbele, nywele zinaniisha." Nikamwambia wifi vua kilemba nione kwanza. Hakutaka, akavua. Pembeni mwa paji, kulia na kushoto, pamekuwa peupe, vimebaki vinyweleo vichache kwenye ukingo kabisa. Hiyo haina haja ya hadubini, ni kusukwa kwa kuvutwa, rasta za kubana, juu yake wigi la gundi, tangu tukiwa shule ya msingi mpaka leo. Nikampapasa kwa kidole, sehemu zingine ngozi inateleza, inang'aa, vitundu vya nywele havionekani tena. Pale pamekuwa kovu. Kupaka peptidi pale ni kumwagilia shamba lililomwagwa zege. Sehemu zingine bado kuna vinyweleo vidogo laini, hizo zina matumaini, lakini dawa ya kwanza ni kuacha kuvuta, na hiyo ni bure na ndo ngumu kuliko zote kwa sababu msusi akisuka bila kubana mteja analalamika "hazitakaa."

Kwahiyo swali la nywele linaanzia kwenye ni aina gani ya kupungua. Sio zote ni moja.

Kuna ile ya kumwagika kwa wingi, unachana unaona vifungu, kichwa kizima. Kawaida tu mtu anapoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku, lakini hii inazidi. Rudi nyuma miezi miwili mitatu, ulikuwa umejifungua? Uliumwa homa kali? Ulifiwa? Uliacha kula upungue unene wa harusi? Nywele nyingi zinaingia kwenye mapumziko kwa pamoja, baada ya kama miezi mitatu zinaanguka kwa pamoja. Hizi zinarudi zenyewe mara nyingi sana, na hapa ndo seramu zinapata sifa za bure, mtu kapaka mwezi wa nne nywele zimerudi mwezi wa saba, anampigia kura seramu. Kapime damu, madini ya chuma na tezi ya thairoidi, wanawake wenye hedhi nzito hasa.

Kuna ya utosini. Hii nawaomba msiichukulie poa. Inaanza katikati ya kichwa, inatanuka duara kwenda nje, wakati mwingine kuna muwasho au panauma au panachoma, wakati mwingine hamna dalili yoyote. Inaitwa CCCA, inawapata zaidi wanawake weusi, na inaacha kovu. Miaka mingi lawama zote zilikuwa za dawa za kulainisha nywele na vitana vya moto, mwaka 2019 ukatoka utafiti kwenye jarida la madaktari la New England unaoonyesha baadhi ya wanawake wenye hii shida wana mabadiliko kwenye jeni ya PADI3, inayohusika na kuunda unywele wenyewe. Kwahiyo kama mama yako na mama mkubwa wako wote wana utosi mweupe, usisubiri. Daktari anaweza kukata kinyama kidogo cha ngozi ya kichwa akapeleke kupima, anakupa dawa za kutuliza ule uvimbe wa ndani kabla kitundu hakijafungwa. Kila mwezi unaokaa na seramu unasubiri muujiza, kovu linaendelea na safari yake.

Halafu ile ya ukichana njia katikati unaona inazidi kuwa pana, nywele zenyewe zinakuwa nyembamba. Hii ya umri na homoni. Hapa kitundu bado kipo kimesinyaa, na hapa tunaweza kuongea peptidi.

Kwenye nywele mtasikia AHK-Cu, ndugu wa ile ya shaba. Mwaka 2007 watafiti wa Korea Kusini waliweka mashina ya nywele za binadamu kwenye vyombo vya maabara, wakayapa hiyo peptidi, yakarefuka, na seli za kwenye mzizi zikaongezeka. Vizuri sana, ila hayo mashina yalikuwa kwenye chombo, hayakuwa kichwani kwako, hayana ngozi ya kupenya, mafuta, mba wala jasho. Kuna Capixyl, kuna Procapil, hiyo ni michanganyiko ya nywele yenye peptidi ndani, na kampuni kama The Ordinary ya Toronto wanaziweka hizo mbili kwenye chupa moja na vingine vya mimea. Majaribio yake ya kwa watu ni madogo na mengi yamefanywa au kulipiwa na wanaoziuza. Mimi sijazikataza kwa mteja yeyote mwenye njia iliyopanuka ambaye hataki minoksidili, ile dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, nachomwambia tu ni kwamba kwa kifupi hicho ndicho anachonunua.

Minoksidili ndo ya mbele kwenye foleni ya nywele. Ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele kila mahali, wakaigeuza ya kupaka, Marekani ikaruhusiwa kwa wanaume mwaka 1988 na kwa wanawake 1991. Ina kero zake, wiki za mwanzo nywele zinamwagika zaidi na watu wengi wanaacha hapohapo, matokeo yanaanza kuonekana kama miezi minne na kuendelea, ukiacha nywele ulizopata zinaondoka, inaweza kukuotesha ndevu ikichuruzika usoni, na mjamzito na anayenyonyesha wasitumie. Wapo wanaopaka minoksidili na peptidi pamoja, sina tatizo nao, ila kama pesa ni ya moja peptidi isubiri.

Wifi nilimwandikia kwenye karatasi: rasta za kubana basi, wigi bila gundi, daktari wa ngozi pale hospitali amuangalie pembeni na utosi pia maana utosi nao sikuupenda. Akaninunia kidogo, "yani nimekuja kuomba seramu umenipa kazi." Wiki iliyofuata kanitumia picha kasuka twende kilioni, zimelegea kabisa, nimefurahi ingawa kaandika chini kwamba anaonekana kama bibi.

Na kina kaka mlioniandikia msijione mmesahaulika. Upara wenu wa kurudi nyuma pembeni na kutoboka utosini ni homoni ya DHT na urithi, peptidi haiizuii hiyo homoni, mwenye kuizuia ni finasteride, ya kumeza, daktari akuandikie baada ya kukueleza madhara yake upande wa tendo la ndoa, sio uchukue kwa rafiki. Mke mjamzito asivishike hivyo vidonge vikiwa vimevunjika. Na ukianza minoksidili na nyumbani kuna paka, nawa mikono vizuri na usimruhusu alale kwenye mto wako, kwao ni sumu hata ikiwa kidogo sana.